Mama Hapana, Mtunza Ruhusa za Funguo

Ndugu zetu, majirani, na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, marehemu aliacha agizo kwamba historia yake isomwe na mtu asiye mwepesi wa kulia, familia ikakaa kikao, ikamtafuta mtu huyo katika ukoo mzima, ikamkosa, hatimaye ikamteua mdogo wake wa mwisho, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu na karatasi, kwa sababu tu ana miwani mikubwa na machozi yake hayaonekani kwa walioketi nyuma. Agizo lake la pili lilikuwa kwamba atakayecheka asizuiwe.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 6 Juni 1961, saa mbili asubuhi, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha uchapaji, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mpiga chapa na mama aliyekuwa akifuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono. Mama yetu alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alikuja duniani akiwa amekunja uso, kana kwamba anakagua chumba kabla ya kukubali kukaa, na kwamba alipofika umri wa miaka mitano alikuwa akisimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, akimwambia, "Mama, mstari wa nne umeruka kitanzi," naye mama, mwanamke asiyependa kusahihishwa, alikuwa akifumua sweta huku akinung'unika, akifika mstari wa nne anakuta kweli kitanzi kimeruka, anafuma upya, na asante hatoi.

Alianza elimu ya msingi mwezi Januari 1968 katika shule iliyokuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani, akamaliza mwaka 1974, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1975 hadi 1978, ambako alipata alama za juu katika hesabu na alama za kuhurumiwa katika kuimba. Ripoti yake ya kidato cha tatu, ambayo tunayo hadi leo, ina maneno ya mwalimu wa darasa kwamba binti huyu ni mtiifu sana akishaelezwa sababu, na kwamba kumweleza sababu huchukua kipindi kizima.

Tarehe 3 Machi 1980 aliajiriwa kama mwendesha mitambo ya simu, kazi ambayo vijana wengi mliopo hapa hamkuiona, ya kukaa mbele ya ubao wenye matundu mamia, visikilizio masikioni, mkono ukichomoa waya hapa na kuchomeka pale ili mtu wa upande huu aongee na mtu wa upande ule. Waendesha mitambo walikuwa wanawake kumi na wawili waliokaa mstari mmoja, na sheria ya kwanza ya chumba kile ilikuwa kwamba ukishawaunganisha watu unatoka, hubaki kusikiliza, sheria ambayo kila mmoja aliapa kuifuata na wachache waliifuata. Jirani yake wa kiti cha kushoto alikuwa akifuatilia ugomvi wa mchumba mmoja na mwenzake kwa muda wa miezi mitatu, akiwasimulia wengine wakati wa chai, mpaka siku moja marehemu akamwambia, bila kupandisha sauti, "Mwenzangu, wewe umepewa kazi ya kuwafikisha, hukupewa kazi ya kuwajua," na yule jirani, ambaye leo yupo hapa nasi na ameturuhusu tulisome hili, anasema alikasirika wiki nzima, kisha wakawa marafiki kwa miaka arobaini na tatu.

Mwaka 1989 mitambo ile ikabadilishwa, simu zikaanza kujiunganisha zenyewe, wanawake kumi na wawili wakaambiwa asanteni, na dada yetu, akiwa na umri wa miaka ishirini na nane, akaenda kujiandikisha chuo cha ufundi kusomea kompyuta, darasani pamoja na vijana waliomuamkia shikamoo kila asubuhi wakidhani ni mhadhiri. Alihitimu mwezi Juni 1991, akiwa wa pili katika darasa lake, na hakumsamehe kikamilifu yule aliyekuwa wa kwanza, na tarehe 12 Agosti mwaka huohuo akaajiriwa na ofisi ya uhandisi iliyokuwa ikitayarisha programu za mashine za hospitali, ofisi aliyoitumikia miaka thelathini bila miezi miwili.

Hapa familia inakiri kwamba kwa muda mrefu haikujua dada anafanya nini, tulikuwa tukiwajibu watu kwamba yuko mambo ya kompyuta, tukibadilisha mazungumzo upesi kabla hatujaulizwa swali la pili, hadi Jumapili moja mdogo wake huyu anayesoma alipomuuliza waziwazi, "Dada, hivi kazini unafanya nini hasa?" Akaweka kikombe chini, akaeleza kwamba ndani kabisa ya kila kompyuta kuna programu moja inayoitwa kiini, ambayo programu nyingine zote huiomba ruhusa kabla ya kufanya lolote, na kwamba kiini hicho kinatunza funguo, si funguo za chuma, bali namba ndefu za siri zinazofungua mafaili ya wagonjwa. Kuna funguo za aina ya pekee zinazoitwa funguo za kuaminika, akasema, ambazo huzaliwa ndani ya mashine yenyewe, hutiwa muhuri na chipu ya mashine hiyohiyo, na hakuna binadamu aliyewahi kuziona, hata yeye mwenyewe aliyezitengenezea makao. "Programu ikiutaka ufunguo haipewi mkononi," akasema, "inakiomba kiini, na kiini kinaangalia orodha, nani anaruhusiwa kujua kwamba ufunguo upo, nani kuusoma, nani kuutumia, nani kuubadilisha. Mimi natunza hiyo orodha." Mdogo wake akasema, "Kumbe wewe ni bawabu." Akajibu, "Bawabu anakaa mlangoni. Mimi ndiye ninayemwandikia bawabu nani apite," akachukua kikombe chake, mazungumzo yakaishia hapo.

Alikabidhiwa kazi hiyo ya ruhusa rasmi tarehe 1 Februari 2008, na ndipo alipopata jina ambalo wengi wenu mnamjua nalo, kwa sababu wahandisi wa ofisi mbalimbali walikuwa wakimtumia mabadiliko wanayotaka kuyaingiza kwenye kiini, naye alikuwa akijibu kwa neno moja, Hapana, na chini ya neno hilo kurasa mbili tatu za kueleza kwa upole na kwa ukamilifu ni kitu gani kifanyike ili hapana igeuke kuwa ndiyo. Mhandisi mmoja aliwahi kumwandikia akiomba programu zote zipewe ruhusa zote, kwa muda tu, mpaka kazi fulani iishe, akajibiwa, "Hapana. Kuna 'kwa muda tu' ya mwaka 1994, bado ipo, mstari wa mia tatu na kumi." Wakaanza kumwita Mama Hapana, mwanzoni nyuma ya mgongo wake, halafu mbele yake, na mwishowe yeye mwenyewe akawa anapokea simu kwa jina hilo.

Sasa tunafika siku ya Jumatatu, tarehe 17 Septemba 2012, ambayo marehemu alisisitiza isirukwe, akisema maisha yake mengine yanaweza kufupishwa lakini siku hii isomwe yote, pamoja na kosa lake. Ijumaa iliyotangulia alikuwa ameletewa mabadiliko na mhandisi mpya wa ofisi yake, kijana wa miaka ishirini na saba ambaye wote humwita Mrefu, na ukimuona utajua kwa nini, akayapitia, akayakubali, yakapelekwa katika mashine thelathini na nane za hospitali kubwa iliyo mitaa miwili kutoka ofisini. Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi, akiwa na chai yake, akisoma taarifa za mashine zile, akaona jambo lililomfanya asimame, kwamba katika orodha ya ruhusa mstari mmoja ulikuwa umewapa wengine wote, yaani programu yoyote ile, uwezo wa kubadilisha masharti ya kufunguliwa kwa ufunguo wa kuaminika, na kwamba programu ya kawaida ya usafi, inayofuta mafaili yasiyotumika kila mwisho wa juma, ilikuwa imepita kwenye mlango huo ulioachwa wazi na kuzitia funguo zote thelathini na nane muhuri mpya wenye masharti yasiyo sahihi.

Mashine ikiwa inawaka, shida hiyo haionekani, kwa kuwa ufunguo tayari uko wazi ndani yake na kazi inaendelea, lakini ikizimwa na kuwashwa tena, chipu itautazama ule muhuri, itaona masharti hayalingani, itakataa kuufungua, na mafaili ya wagonjwa yatabaki yamefungwa moja kwa moja, makundi ya damu, vipimo vya dawa za watoto, orodha ya watakaopasuliwa juma lile, yote. Akakumbuka tangazo aliloliona ukutani hospitalini, kwamba Jumatatu hiyohiyo, saa nne kamili asubuhi, umeme wa jengo zima utakatwa ili kubadilisha transfoma, na betri za akiba zitabadilishwa papo hapo.

Mrefu, ambaye ndiye aliyetusimulia sehemu hii, anasema alipooneshwa mstari ule alisema, "Dada, ni mimi niliyeandika." Marehemu akamtazama, akasema, "Wewe uliandika, mimi nikasema ndiyo. Kilichofika hospitali ni ndiyo yangu. Chukua koti," na kabla ya kutoka akawaandikia wakubwa wote na hospitali pia ujumbe wa mistari miwili, kwamba kosa ni lake, ameliona saa moja na dakika arobaini, tafadhali mashine yoyote isizimwe, anakuja.

Chumba cha umeme kilikuwa chini ya jengo, kimejaa makabati ya chuma yanayovuma, na ndani yake wakamkuta fundi mkuu, mtu mfupi, mpana wa mabega, penseli sikioni, glavu mkononi, akiweka alama kwenye orodha ya hatua za kukata umeme. Marehemu akamsalimu, akamwomba asikate umeme saa nne.

"Barua iko wapi?" fundi akauliza.

"Barua gani?"

"Ya kuahirisha. Ya kukata ninayo hii hapa, ina sahihi mbili. Ya kutokata sina."

"Fundi, nisikilize. Mashine zikizimika sasa hivi, mafaili ya wagonjwa hayafunguki tena."

"Nakuamini, mama," fundi akasema, na kweli sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamini. "Lakini kesho atakuja mwingine aniambie nikate, naye ana uso mzuri hivyohivyo, nitamwamini pia. Umeme wa hospitali hauendeshwi kwa sura za watu. Lete sahihi."

Mrefu anasema maneno yale yalikuwa ya bosi wake mwenyewe, alikuwa amewaambia watu miaka minne na nusu, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaambiwa yeye, akakasirika kwa muda wa kama pumzi tatu, halafu akaangua kicheko mpaka akashika kabati.

"Sahihi ya nani na nani?" akauliza akifuta macho.

"Mganga mkuu na msimamizi wa majengo. Mganga mkuu yuko ghorofa ya tano, na lifti ni mbovu."

"Na msimamizi wa majengo?"

"Yuko likizo. Anayekaimu ni mimi."

"Basi nusu ya barua nimeshapata."

"Hujapata," fundi akasema. "Barua yenyewe sijaiona."

Dada yetu, mwenye miaka hamsini na mmoja, akavua viatu, akavishika mkononi, akapanda ghorofa tano mbio, akamtafuta mganga mkuu wodi baada ya wodi, akamkuta katikati ya wagonjwa, akamweleza kwa sentensi nne, akaandika barua juu ya karatasi iliyokuwa na ratiba ya zamu nyuma yake, mganga mkuu akaitia sahihi akiwa ameiegemeza ukutani, naye akashuka, akafika chini saa tatu na dakika hamsini na mbili, akiwa hana pumzi ya kusema neno. Fundi akaipokea, akaisoma yote, kuanzia juu mpaka chini, bila haraka, dakika zikienda, kisha akasema, "Mama, umeandika tarehe kumi na sita. Leo kumi na saba." Marehemu akakata sita, akaandika saba, fundi akamwonyesha pembeni mahali pa kuweka herufi zake kuthibitisha masahihisho, akaweka, na ndipo fundi akatoa penseli sikioni, akairudisha, akachukua kalamu ya wino, akatia sahihi, akaenda kwenye swichi kubwa, akatundika kibao cha USIGUSE, akasema, "Una mpaka saa nane mchana."

Walianzia ghorofa ya chini, wakapita mashine moja baada ya nyingine, wakirekebisha kwanza ule mstari wa ruhusa ili mlango ufungwe, kisha wakiutia ufunguo muhuri upya kwa masharti yake ya awali, kisha wakihakiki, dakika tano au sita kwa kila mashine, na fundi akawafuata, akisema barua inazungumzia kuahirisha kwa ajili ya kazi, kwa hiyo lazima aione hiyo kazi, na alipochoka kuiona akaanza kuwabebea kiti na kuwasomea namba za mashine kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Kufika ghorofa ya tatu alikuwa anauliza maswali, kufika ya nne alikuwa anauliza maswali mazuri. Mashine ya thelathini na nane ilikuwa wodi ya watoto, wakaimaliza saa saba na dakika arobaini, chini ya meza iliyobandikwa picha za twiga, na nesi wa zamu, ambaye hakujua lolote, akawaambia wapunguze kelele watoto wamelala.

Saa nane kamili fundi akakata umeme. Mama Hapana akaketi kwenye ngazi, viatu bado mkononi, na kwa dakika arobaini na tano jengo lilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia saa ya mkono ya fundi aliyekuja kuketi ngazi moja chini yake mara tu transfoma mpya ilipofungwa na kukabidhiwa kwa msaidizi wa kuiwasha. Umeme ukarudi, mashine zikaanza kuwaka, Mrefu akapita mbio kutoka chumba hadi chumba akipiga kelele kwenye korido, "Imefunguka! Hii nayo imefunguka!" mpaka thelathini na nane zikatimia, na marehemu, mtu aliyekunja uso tangu kuzaliwa, akapiga vigelegele pale kwenye ngazi, akacheza pekupeku, akafukuzwa na yuleyule nesi.

Walipokuwa wakitoka, fundi akamsindikiza hadi lango la hospitali, akakohoa, akasema, "Mama, samahani, tukiacha habari za mashine, kuna mtu mwenye ruhusa ya kuja kukutembelea?" Akamjibu, "Hapana," fundi akainamisha kichwa, naye akaongeza upesi, "Namaanisha hayupo. Nafasi iko wazi. Andika barua." Barua ikafika ofisini siku ya Jumatano, ya ukurasa mmoja, tarehe sahihi, ikiwa na sahihi mbili, ya kwanza ya fundi mwenyewe na ya pili ya binti yake mdogo wa miaka tisa, kwa rangi ya kijani, na chini yake maelezo kwamba binti mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, ameombwa sahihi na amekataa.

Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 27 Aprili 2013, katika ukumbi mdogo wa ofisi ya usajili, mbele ya ndugu wa pande zote mbili, na ofisa alipouliza kama yupo mwenye pingamizi, wafanyakazi wenzake kumi na wanne waliokuwa wamepanga tangu wiki iliyotangulia wakajibu kwa sauti moja, "Hapana!" ofisa akashtuka, bibi harusi akacheka mpaka shada likamdondoka. Bwana harusi alikuwa mjane tangu mwaka 2008, na tunamtaja hapa kwa heshima mama mzazi wa mabinti wale, ambaye picha yake dada yetu hakuruhusu iondolewe sebuleni hata siku moja.

Dada yetu hakujaaliwa kuzaa, alijaaliwa kulea, na kulea kwenyewe hakukuanza kirahisi, kwani yule mdogo alihamia mgongoni kwake tangu siku ya kwanza, lakini mkubwa alikuwa akimwita "yule", kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwezi Novemba 2013 binti huyu aliacha daftari lake la mambo ya moyoni juu ya meza ya sebuleni, makusudi, akiwa ameweka unywele mmoja katikati ya kurasa ili ajue likifunguliwa, akasubiri siku tatu kumnasa. Siku ya nne akakuta unywele upo palepale, na juu ya jalada kuna kikaratasi chenye mwandiko ulionyooka: "Najua daftari lipo. Ruhusa ya kulisoma sina. Ruhusa ya kulihamisha sina. Naomba ruhusa ya kufuta vumbi chini yake." Binti alitusimulia kwamba alijitahidi sana asicheke, ikashindikana, akaandika chini ya kile kikaratasi, "Imekubaliwa, mara moja kwa wiki."

Wakaanza kuandikiana hivyo, kikaratasi kwa kikaratasi, miezi tisa, mama akiomba ruhusa ya kugonga mlango kabla ya saa tatu asubuhi siku za Jumamosi, binti akikataa, mama akikata rufaa, binti akikubali kwa masharti, baba akipita katikati yao akijifanya haoni, mpaka tarehe 10 Agosti 2014, mama alipokuta daftari limewekwa juu ya kiti chake, na kikaratasi kimeandikwa, "Kusoma: ukurasa wa 31 tu." Akaketi, akafungua ukurasa wa thelathini na moja, hakufunua mwingine, na palikuwa na mistari miwili: "Leo shuleni nimemwita yule 'mama' mbele ya wenzangu. Hakuwepo kusikia, nitajaribu na nyumbani." Mume wake anasema alimkuta mkewe ameketi na daftari limefungwa mapajani, akilia kwa namna ambayo hakujua kama amfariji au ampongeze, na mlango wa chumba cha mabinti ukafunguka, sauti ikaita, "Mama, mswaki wangu uko wapi?" akanyanyuka mbio kama anakwenda ghorofa ya tano.

Binti huyo leo ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mama wa mtoto wa kike wa miaka miwili, mdogo wake yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme, na marehemu alikuwa akiwatambulisha kwa watu, "Ni wanangu, nukta," bila maelezo ya ziada, yeye ambaye kwa kawaida alipenda maelezo ya ziada.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2021 akiwa ametimiza miaka sitini, akamkabidhi Mrefu kazi ya ruhusa, na siku ya kuagwa, badala ya hotuba, aliomba kompyuta, akafungua orodha ya wenye mamlaka ya kukubali mabadiliko, akalifuta jina lake mwenyewe mbele ya watu. Wenzake wakamwomba aliache, walau kwa heshima, akasema, "Heshima nitaipokea nyumbani, milango yenu ni ya wanaofanya kazi," kisha akakata keki. Mwezi uliofuata akajiandikisha yeye na mumewe kujifunza kuogelea katika bwawa la manispaa, akanunua kofia ya njano, akachukua miezi mitano kuelea, na siku alipoelea alipiga kelele zilizomfanya mwokoaji aruke majini na nguo zake zote.

Mwezi Februari 2025 alianza kuchoka akipanda ngazi, akapimwa, ikaonekana moyo wake umepanuka, akaanza matibabu tarehe 4 Machi, akalazwa mwezi Mei na mwezi Julai, akipata nafuu na kurudi nyumbani, akibishana na madaktari kuhusu ngazi, akishindwa, akidai sababu ziandikwe. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 28 Septemba, na siku ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, binti mkubwa akiwa anamchana nywele, binti mdogo akiwa ameshika mkono wake, mumewe akimmenyea chungwa na yeye akimwelekeza jinsi ya kulimenya vizuri zaidi, alinyamaza katikati ya maelekezo, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, miezi minne na siku tatu. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, ndugu watano, na kurasa nyingi za maelezo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomjibu maswali yake yote na mengine wakayatafutia majibu nyumbani, inawashukuru majirani, hasa mshonaji wa mlango wa pili aliyeleta supu kila siku bila kuombwa na kuchukua sufuria zake bila kugonga, inamshukuru mwokoaji wa bwawa la manispaa, aliyekuja leo na nguo kavu, inawashukuru waendesha mitambo ya simu waliobaki, wote saba, na wafanyakazi wenzake wote waliofunga ofisi ili wawe hapa, pamoja na Mrefu aliyebeba jeneza akilazimika kukunja magoti ili liwe sawa.

Mume wake ameomba liongezwe jambo moja, naye hakutaka kulisoma mwenyewe. Anasema waliishi pamoja miaka kumi na miwili, miezi mitano na siku kumi na mbili, na kwamba asubuhi ile ya Jumatatu alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne aliyedhani sehemu ya maisha yenye kicheko ameshaipita, kumbe alikuwa hajaifikia.

Lala kwa utulivu, dada yetu, mama yetu, mwenzetu, na amani iwe juu yako.